Charles I wa Van Dyck au Cromwell wa Walker: picha ipi ya mtu wa deraya uipe saa yako?

Ukiwa London na umepata saa moja ya kutazama picha za kale za watu waliovaa deraya, yaani vazi la chuma la vita, usiimalize kwa kupita chumba hadi chumba. Chagua picha moja, simama mbele yake, itazame kwa utulivu. Ninachofanya hapa ni kukusaidia kuchagua. Nalinganisha hasa picha mbili za rangi za mafuta: Mfalme Charles I akiwa juu ya farasi, kazi ya Anthony van Dyck ya mnamo 1637 hadi 1638, iliyoko National Gallery, na Oliver Cromwell, kamanda wa upande wa Bunge uliompiga vita mfalme huyo, kazi ya Robert Walker ya mnamo 1649, iliyoko National Portrait Gallery. Majumba hayo mawili yamepakana pale Trafalgar Square, na kuingia kutazama picha zake za kudumu ni bure. Nitagusia na nyingine mbili zilizo nje ya London, moja ya Birmingham na moja ya Edinburgh, kwa sababu kwa baadhi yenu hizo ndizo zitakazofaa zaidi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama hujawahi kusimama mbele ya hata moja kati ya hizi, anza na Cromwell. Van Dyck ni fundi mkubwa kuliko Walker, na pengo lao ni pana. Juu ya hilo sibishani na mtu. Lakini picha ya Walker ndiyo inayofichua deraya ilikuwa na kazi gani katika picha za zama zile, na ukishalijua hilo, hata mfalme wa Van Dyck anaanza kusomeka.

Chuma cha vita na chuma cha picha

Kufikia katikati ya karne ya 17, deraya ya kumfunika mtu kuanzia shingoni hadi magotini ilikuwa imeachwa na wapiganaji wengi. Kilichoimaliza ni bunduki. Ili bamba lizuie risasi ilibidi liwe nene, na likiwa nene lilimlemea mtu na farasi wake. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka Uingereza mwaka 1642 kati ya mfalme na Bunge, mpanda farasi wa kawaida alivaa koti nene la ngozi, bamba la kifuani na la mgongoni, na chapeo yenye mkia wa vipande vya chuma vinavyokinga shingo. Hayo tu. Kikosi cha Sir Arthur Haselrig, aliyekuwa upande wa Bunge, kiliingia vitani kimefunikwa chuma karibu mwili mzima, na watu walishangaa kiasi cha kuwaita askari wake kambakoche.

Wachoraji, hata hivyo, hawakuiacha. Bwana aliyetaka kukumbukwa kama kamanda alichorwa katika chuma kamili, chapeo ikiwa mezani au mikononi mwa mtumishi ili uso usifichike. Deraya ilimtangaza kuwa mtu wa nasaba, mwenye haki ya kuamuru, aliyesimama katika safu moja na mashujaa wa kale. Halafu kulikuwa na faida ya kikazi: chuma hakichoki kukaa. Rafiki mmoja wa Van Dyck, tajiri Everard Jabach, alisimulia kwamba mchoraji huyo hakumkalisha mtu zaidi ya saa moja kwa mkao mmoja. Aliuchora uso, akachora umbo la mwili kwa haraka, na nguo zilizoletwa karakanani zikashughulikiwa na wasaidizi. Kwa hiyo unapoona deraya inang'aa kifuani mwa mtu kwenye picha, usidhani alikuwa ndani yake wakati brashi ilipokuwa ikifanya kazi.

Swali la kumuuliza kila mmoja wa watu hawa basi ni hili: kwa nini amevikwa chuma, na anataka nani amwone hivyo?

Mfalme juu ya farasi

Van Dyck alizaliwa Antwerp mwaka 1599, akahamia London mwaka 1632, na mwaka huohuo Charles akampa cheo cha "Sir", na mwaka uliofuata malipo ya pauni 200 kwa mwaka. Alikuwa mchoraji wa mfalme kwa maana kamili. Picha hii ni kubwa mno: sentimita 367 kwenda juu na 292 kwa upana. Ukiingia chumbani inakukamata kabla hujaitafuta.

Charles alikuwa mfupi na alikuwa na kigugumizi. Kwenye picha hakuna fununu ya lolote kati ya hayo. Van Dyck amempandisha juu ya farasi mwenye kifua kipana na kichwa kidogo, akaishusha ardhi chini kabisa, kwa hiyo lazima uinue shingo kumwona. Kichwani hana kitu. Macho yake yanatazama mbali, yanakupita wewe na wote waliomo chumbani. Kifuani imeninginia medali ya dhahabu ya Mtakatifu George, alama ya daraja la Garter, heshima ya juu ya mabwana wa Uingereza. Nyuma yake mtumishi ameshika chapeo, na kwenye mti kuna kibao chenye maandishi ya Kilatini yanayomtaja kuwa Mfalme wa Britania Kuu. Deraya aliyovaa ni ya mtindo wa karakana ya Greenwich, iliyoanzishwa na Henry VIII ili wafalme wa Uingereza wasiagize chuma chao nje.

Sasa tazama mwaka. Mnamo 1637 Uingereza haikuwa vitani. Bunge lilikuwa halijaitwa tangu 1629, mfalme akitawala peke yake na kutoza kodi ambazo wengi waliziona hazina idhini. Chuma hiki hakikuvaliwa kwa ajili ya adui. Kinadai ukoo. Karibu miaka 90 kabla yake, Titian alikuwa amemchora Kaizari Charles V akiwa juu ya farasi na deraya baada ya ushindi wa Mühlberg, na Charles wa Uingereza alikaa Madrid mwaka 1623 akiwa bado mwanamfalme, akarudi kwao akiwa amezipenda sana kazi za Titian. Picha ya Van Dyck inamwingiza katika mstari huo wa makaizari, ingawa yeye ushindi wowote hakuwa nao.

Kama ufundi tu ndio unaoutafuta, sina haja ya kukushawishi. Angalia jinsi wingu, mti na shingo ya farasi vinavyomsogeza mfalme mbele bila kelele. Chuma chenyewe kina rangi chache mno: weusi, kijivu, na miguso michache ya nyeupe pale mwanga unapogonga ukingo wa bamba. Jicho lako ndilo linalomalizia kazi. Huo ndio uwezo wa Van Dyck, kujua mahali pa kuacha.

Ila kwa mtu mwenye saa moja, picha hii ina tatizo. Uso uko juu sana. Ukisogea ili uone brashi ilivyopita, unaona mguu wa farasi na kiatu cha mfalme. Ukirudi nyuma ili uone uso, ule ufundi wa karibu unapotea. Unabaki unaistaajabia ukiwa mbali, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa. Mfalme hakutaka usogee.

Yaliyoipata picha baada ya hapo ni kisa kinachojitegemea. Charles alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649 mbele ya Banqueting House, mahali ambapo kwa miguu ni dakika chache tu kutoka ilipo picha leo. Mali zake zikauzwa, na picha hii ikaishia Munich. Mwaka 1706 kamanda wa Uingereza, Duke wa Marlborough, aliipata huko na kuirudisha nyumbani, ikakaa katika jumba lake la Blenheim hadi 1885, National Gallery ilipoinunua kwa pauni 17,500.

Cromwell na kijana wa mshipi

Vuka sasa uende kwa jirani. Picha ya Walker haifiki hata nusu ya ile ya mfalme kwa urefu: kama sentimita 126 kwa 102. Cromwell anaonekana kuanzia mapajani kwenda juu, na nyuma yake ni giza. Deraya ni nyeusi inayong'aa, shingoni pana ukosi mweupe usio na nakshi, mkononi ameshika kifimbo cha ukamanda. Pembeni yake kijana mtumishi ameinama akimfunga mshipi wa kitambaa kiunoni. Uso uko karibu na usawa wa macho yako, naye anakutazama.

Robert Walker alikuwa ndiye mchoraji mkuu wa upande wa Bunge. Van Dyck alikuwa amefariki Desemba 1641, kabla vita havijaanza, lakini mikao yake ilibaki ikitumika, na Walker aliichukua bila kujificha. Kuna maneno yake yaliyoandikwa na mtu wa wakati ule: alipoulizwa kwa nini hatungi mikao yake mwenyewe, alijibu kwamba kama angepata iliyo bora, asingechora ya Van Dyck. Nayapenda sana maneno hayo kwa ukweli wake. Yanaeleza pia kila kinachokusumbua unapoitazama picha hii kwa muda: mwili una madaha ya mtu wa kasri, mikono imetulia kama ya mwanamfalme, kumbe uso ni wa mwenye shamba wa Huntingdon wa miaka kama 50. Kichwa kama kimeletwa kikawekwa juu ya mwili wa mtu mwingine.

Hapo ndipo picha inapoanza kusema. Mwaka ni 1649, mfalme ameuawa, dola imetangazwa kuwa jamhuri. Cromwell, tofauti na Charles wa 1637, vita amevipigana kwelikweli: alikuwa Marston Moor Julai 1644, alikuwa Naseby Juni 1645, na wapanda farasi wake ndio walioamua mapigano yote mawili. Yeye na watu wake walijulikana kwa nidhamu na sala. Ungetegemea achorwe na koti lake la ngozi na bamba lake la kifuani, amechafuka tope. Badala yake amevikwa vazi lilelile la mabwana aliowaangusha, na mtumishi wa kumfunga mshipi juu. Waliomkata kichwa mfalme hawakuwa na picha nyingine vichwani mwao ya mtu mwenye mamlaka. Walibadilisha uso, vazi likabaki.

Ushahidi mwingine wa jambo hili uko kwenye karatasi. Mchongaji wa picha za kuchapa, Pierre Lombart, alichukua mfano wa picha nyingine ya Van Dyck ya Charles I akiwa juu ya farasi, akaichonga kwenye bamba la shaba. Kwenye bamba hilohilo kichwa kikawa kinafutwa na kubadilishwa: kuna nakala zenye kichwa cha Cromwell, kuna zenye cha Charles, na kuna zisizo na kichwa kabisa. Farasi ni yuleyule, deraya ni ileile.

Lipo jambo jingine linalonifanya nisimame hapa kwa muda mrefu. Agosti 1649 Cromwell alivuka bahari kwenda Ireland, na Septemba majeshi yake yaliteka mji wa Drogheda na kuua maelfu ya watu, wakiwemo mapadri na raia. Mwaka 1655, akiwa mtawala wa nchi, wanamaji na askari aliowatuma Karibi waliinyang'anya Uhispania kisiwa cha Jamaica, ambacho baadaye kilikuja kuwa moja ya mashamba makubwa ya miwa ya Waingereza, yaliyoendeshwa kwa jasho na damu ya Waafrika waliotekwa. Simwachi msomaji wangu aitazame picha hii akiwa hajui hayo. Wako Waingereza wanaomheshimu Cromwell kwa kuwa alimpinga mfalme dhalimu, na sanamu yake imesimama nje ya Bunge la Westminster tangu 1899. Mwailandi anamkumbuka kwa mengine, na Mjamaika pia ana haki ya kumkumbuka kwa mengine. Ile hali ya utulivu iliyomo kwenye picha, kijana akifunga mshipi taratibu, ni ya mtu anayejiandaa kutoka. Jiulize alikokuwa akienda.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa chuma, Van Dyck anashinda bila ushindani. Deraya ya Walker inang'aa vizuri kwenye bega, lakini ukiifuata kuelekea kiwikoni mng'ao unakuwa wa mazoea, mistari ileile myeupe iliyorudiwa, kana kwamba mchoraji anajua chuma hung'aa lakini hakiangalii tena. Mikono nayo ni ya kawaida.

Kwa uso, mambo yanageuka. Charles wa Van Dyck ni wazo la mfalme. Uso wake una huzuni nzuri ambayo watu wameipenda kwa karne nyingi, hasa kwa kuwa wanajua mwisho wake. Cromwell wa Walker ni mtu. Pua ni nene, macho yana uzito, ngozi imepigwa na upepo. Walker hakuwa mchoraji wa hivihivi alipomwangalia mtu badala ya kumwangalia Van Dyck. Ukitaka kuthibitisha, katika jumba hilohilo ulizia picha yake ya John Evelyn ya 1648, kijana msomi aliyeegemeza kichwa huku mkono mwingine uko juu ya fuvu la kichwa. Hakuna deraya, hakuna kifimbo, na ni kazi ya kugusa moyo.

Watumishi wawili nao wanafaa kulinganishwa. Mtumishi wa mfalme yuko nyuma, ameshika chapeo na kumwinulia bwana wake macho. Kazi yake ni kuongeza kimo cha bwana. Kijana wa Cromwell amemgusa bwana wake, na kwa kuwa amemgusa, deraya inaonekana wazi kuwa ni kitu cha kuvaliwa, chenye tabaka na vifungo, kinachohitaji mtu wa pili. Chuma cha Charles kinaonekana kama alizaliwa nacho. Cha Cromwell kinavaliwa mbele yako.

Ndiyo maana natoa ushauri wa kuanza na Walker kisha kurudi kwa Van Dyck. Ukianzia kwa mfalme utastaajabu, halafu Cromwell atakuonekania nakala dhaifu na utampita. Ukianzia kwa Cromwell, utafika kwa mfalme ukiwa tayari umeona jinsi vazi linavyovalishwa, na utauliza lile swali la kwa nini hata mbele ya picha inayofanya kila juhudi usiliulize.

Kama uko Birmingham

Kwa wasomaji wanaoishi maeneo ya katikati ya Uingereza, Birmingham Museum and Art Gallery ina Cromwell mwingine, wa Peter Lely, wa mnamo 1654. Ni kichwa na mabega tu, ndani ya umbo la yai, deraya ikiishia kifuani. Hakuna mtumishi, kifimbo wala pazia. Chunjua kwenye uso zimeachwa zilivyo.

Kuna kisa maarufu kwamba Cromwell alimwamuru mchoraji asimpendezeshe, amchore na chunjua na kila kitu, la sivyo hatamlipa hata senti. Kisa hicho kiliandikwa na mwandishi Horace Walpole miaka mia moja baadaye, kwa hiyo kichukue kama kisa. Lakini picha yenyewe inakiunga mkono. Kufikia hapo Cromwell alikuwa Mlinzi wa Dola, mtawala wa nchi nzima, na pengine hakuhitaji tena mwili wa kuazima. Lely naye hakuathirika na utumishi huo: mfalme mpya Charles II, mwana wa yule aliyekatwa kichwa, aliporudi mwaka 1660, ni Lely huyohuyo aliyefanywa mchoraji mkuu wa kasri.

Kwa anayetaka uso peke yake, hii inawashinda wote. Kwa anayetaka kuelewa deraya kwenye picha, haitoshi, maana chuma hapa ni kama ukosi wa shati. Ipe nafasi ya kwanza tu ikiwa London iko mbali nawe.

Mvulana wa Edinburgh

Scottish National Portrait Gallery ina kazi ambayo naiona haipewi heshima inayostahili: Charles mdogo, yule atakayekuwa Charles II, kazi ya William Dobson ya mnamo 1642. Dobson alizaliwa London mwaka 1611. Mwandishi John Aubrey alimwita mchoraji bora kuliko wote ambao Uingereza ilikuwa imewazaa hadi wakati huo. Vita vilipoanza na mfalme akahamishia makao yake Oxford, Dobson alikuwa huko akiwachora maofisa walioingia na kutoka, baadhi yao wasirudi tena.

Mwanamfalme alikuwa na miaka 12. Oktoba 1642 alikuwepo kwenye mapigano ya Edgehill pamoja na baba yake. Kwenye picha amevaa bamba la kifuani, ameshika kifimbo cha ukamanda, mtumishi anamletea chapeo, na chini pembeni kimelala kichwa cha Medusa, yule wa hadithi za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele, kati ya silaha na bendera. Kila kitu cha picha ya kamanda kipo. Kisha unaangalia shavu, unaona bado ni mtoto.

Dobson anapaka rangi nzito, ya joto, na hana ule ulaini wa Van Dyck. Watu wake wana uzito wa nyama. Ufundi wake kwangu unazidi wa Walker kwa mbali, na kati ya wachoraji wote niliowataja yeye ndiye aliyefanya kazi vita vikiwa mlangoni. Alifariki Oktoba 1646 akiwa na miaka 35, umaskini ukiwa umemwandama, akazikwa St Martin-in-the-Fields. Kanisa lililopo leo lilijengwa baadaye mahali palepale, na liko ng'ambo ya barabara kutoka National Portrait Gallery. Kama safari yako inafika Scotland, picha hii usiiache kwa sababu yoyote. Kama hufiki, huwezi kuchukua treni ya zaidi ya saa nne kwa ajili ya picha moja, isipokuwa wewe ni mchoraji.

Kama wewe ni mchoraji

Hapo ushauri wangu unabadilika, kwa kuwa unayechagua sasa unatafuta kitu cha kunakili, na kunakili ndiyo shule ya kale kuliko zote. Usianze na mfalme juu ya farasi. Anza na Lely: uso, ukosi, na bega moja la chuma. Kanvasi ndogo inatosha. Paka kwanza usuli wa kahawia iliyokolea, uache ukauke, kisha jenga chuma kwa kijivu cha katikati kabla hujagusa nyeupe. Kosa la wengi ni kuikimbilia nyeupe mapema. Bega linageuka kuwa la plastiki. Chuma kilichong'arishwa hakina rangi yake, kinaazima ya jirani. Kikiwa karibu na ngozi kitakuwa na wekundu, kikiwa karibu na ukosi kitakuwa na weupe baridi, na kikitazama dirisha kitapata doa moja kali lenye ukingo mgumu. Doa hilo moja liwekwe mwisho, kwa rangi nzito, mara moja, na lisirudiwe.

Ukishaliweza bega, nenda kwa Walker uchukue kiwiko na mshipi wa kitambaa. Kitambaa laini juu ya chuma kigumu kitakufundisha mengi, kwa sababu ukingo wa kitambaa lazima ulegee na wa chuma ukaze, vyote ndani ya upana wa kiganja. Na ukiona mahali Walker alipochoka, usinakili uchovu wake. Tazama Van Dyck alifanyaje mahali kama hapo, ufanye hivyo.

Mambo ya safari

Picha huhamishwa, hukopeshwa kwa maonyesho, na hupelekwa kutengenezwa. Kabla ya kutoka nyumbani ingia tovuti ya jumba husika uone kama picha unayoitaka iko ukutani siku hiyo. Kwa Birmingham hasa usiende bila kuuliza. Ujue pia kwamba Cromwell wa Walker ana matoleo na nakala kadhaa nje ya London, kwa kuwa wafuasi wake walitaka kila mmoja yake. Ukikutana naye kwingine akiwa na mkao uleule, si lazima iwe bandia.

Ukiwa Trafalgar Square, kabla ya kuingia popote, tazama upande wa kusini wa uwanja. Kuna sanamu ya shaba ya Charles I akiwa juu ya farasi na deraya, iliyoundwa na Hubert Le Sueur mwaka 1633. Baada ya vita iliuzwa kwa fundi wa vyuma ili ivunjwe, akaificha, na mwaka 1675 ikasimamishwa pale ilipo. Inatazama barabara ya Whitehall, kuelekea mahali alipouawa. Dakika tano zinaitosha.

Na kama uko Mombasa, Arusha au Bujumbura na London haimo kwenye mipango, tovuti za National Gallery na National Portrait Gallery zina picha hizi kwa ubora unaoruhusu kukuza kwenye skrini. Kwa Van Dyck hilo ni zaidi ya faraja: ule uso ulio juu sana ukutani, kwenye simu yako unaweza kuusogelea hadi uone nywele za ndevu. Zifungue picha zote mbili, Cromwell kwanza, na uanzie begani.